Ngano Haipigwi Dawa Karibu na Mavuno

Alipima ngano kwa meno. Wenye mashamba makubwa ya Mau Narok wanacho kile kimashine cha kupimia unyevu, unakijaza punje kikakuonyesha namba, lakini katika shamba tulilofanyia kazi hakuna aliyethubutu kuingiza kombaini ya kuvunia kwenye ngano kabla Opareta hajashuka, akavunja suke, akalisugua viganjani, akapuliza makapi na kutupa punje moja kwenye magego. Tulitega masikio sote. Ikilia kah! alipanda ngazi ya mashine bila neno. Ikibonyea aliitema na kusema, "Bado inanyonya," kana kwamba shamba lote ni mtoto mchanga, nasi tukarudi kujilaza kwenye kivuli cha lori.

Tulimwita Opareta. Jina lake nalijua. Nilipomwambia kwamba siku moja ningependa kumwandika, alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Lakini jina uwache. Mimi bado natafuta kazi."

Mimi mwenyewe ni mtu wa kuhama. Nimepakia viazi Dundori, nimeshona magunia Mau Narok, nimeuza mitumba Nakuru tangu haijaitwa jiji, nimelinda geti la shamba la maua, na kila mahali miguu ilianza kuniwasha kabla sijayazoea maji ya pale. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na hakika kwamba kuna mahali fulani pananisubiri. Sasa nina zaidi ya miaka arobaini na bado napatafuta. Opareta aliniita Bwana Safari. Kila msimu wa mavuno nilirudi Mau Narok, nikasema nimefuata kazi, ila nadhani nilikuwa nimefuata kuona kama yupo.

Alikuwa mtu wa kushangaza kwa namna alivyojipinga. Aliendesha mashine yenye kelele kuliko zote bondeni, lakini nyumbani kwake mtu akifunga mlango kwa kishindo alishtuka kama paka. Aliwaogopa ng'ombe, na huku ni kama kuogopa mvua. Kombaini yake haikupata kukosa grisi. Alijua saa ya kubadilisha mafuta kama muumini anavyojua saa ya sala. Lakini mgongo ulipomuuma alimeza tembe yoyote aliyopewa na yeyote, rangi yoyote, hata ile iliyobaki kwenye mfuko wa koti la jirani.

"Hiyo ilikuwa ya nini?" nilimuuliza mara moja.

"Ya jirani ilikuwa ya goti. Goti na mgongo si ni ndugu?"

Alikuwa na misemo yake. Kuhusu mashine alisema, "Haiharibiki siku inayosimama," yaani ilianza kuharibika zamani, nawe ulikuwa unapiga hodi mlango mwingine. Kuhusu watu wanaoficha makosa yao alisema, "Aibu ni mchanga kwenye grisi." Kumbe misemo yote miwili ilikuwa inamngoja yeye mwenyewe.

Msimu alioharibikiwa hakulia, wala hakusema ana huzuni. Kwetu mwanamume hasemi hivyo. Anasema amechoka, au mgongo unamsumbua. Opareta alianza na hasira. Alimgombeza mshona magunia kwa sababu ya kukohoa. Alivunja redio ya dereva wa lori akailipia siku hiyohiyo, bila kuomba radhi. Kisha hasira ikaondoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alikunywa pombe akiwa peke yake, yeye aliyekuwa akienda klabu kwa ajili ya mazungumzo. Mkewe, Mama Chebet, aliniambia huku akimenya viazi, bila kunitazama: "Amekuwa kama nyumba imefungwa, na mtu yuko ndani. Nagonga. Nasikia anatembea. Hafungui."

Asubuhi moja ngano ilikuwa imewiva ya kuonekana hata na kipofu. Opareta alivunja suke, akasugua, akapuliza, akauma. Tuliisikia kah. Yeye hakupanda. Aliuma nyingine, na nyingine, macho yameelekea milimani, kisha akasema polepole, "Sisikii kitu. Nyinyi ndio mniambie."

Ndirangu alidakia. Ndirangu ndiye aliyekuwa mpiga dawa wa shamba, mtu wa bomba mgongoni na mzaha mdomoni, na hakuna aliyepona ulimi wake.

"Boss, meno imezeeka. Tukutafutie ya ng'ombe?"

Tulicheka. Siku nyingine yoyote Opareta angemtupia kofia. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ushauri mzuri, akapanda ngazi akishikilia kila chuma. Wiki hiyo nilifunga mzigo wangu nikaenda Dundori kupakia viazi. Nilikuwa nimepanga kwenda hata hivyo.

Yaliyofuata aliyaeleza mwenyewe, nilipomkuta hukohuko Dundori, kwa dada yake, ameshika jembe kama mtu anayeshikilia kitu cha mgeni. Sikuwa nimetarajia kumwona mahali pasipo na mashine.

"Mama Chebet alisema twende Nakuru tuangalie beringi ya kombaini," alisema. "Mimi nilijua hakuna beringi. Na yeye alijua najua. Tuliongea mambo ya beringi mpaka kwa geti ya hospitali."

Ndani walimkuta daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimuuliza usingizi, chakula, pombe. Alimuuliza kama kuna kitu kinamfurahisha, na Opareta akatafuta kichwani akakosa hata kimoja. Kisha akamuuliza, kwa sauti ileile ya kuuliza usingizi, kama huwa anafikiria kuyakatisha maisha yake.

"Ukamwambia nini?"

Alichimbua kiazi kimoja, akakipangusa udongo kwa kidole gumba. "Nilimwambia, mimi ndiye niko na ufunguo wa stoo ya dawa ya shamba. Hiyo tu. Mama akaanza kulia. Daktari akaweka kalamu chini."

Hilo ndilo alilokuwa akilipima siku zote hizo, nasi tulidhani ni ngano.

Daktari hakumhubiria. Alisema jambo la kwanza si tembe. La kwanza ni ufunguo. Uende kwa mtu mwingine leo, kabla ya jua kuzama. Na tembe zenyewe zikae kwa Mama Chebet, ampe ya siku kwa siku. Halafu akamweleza juu ya hizo tembe za kuinua moyo: kwamba hazifanyi kazi papo hapo kama tembe ya kuumwa kichwa, kwamba huchukua wiki kadhaa, na kwamba wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana, maana mtu anaweza kukosa utulivu au hata kuzidiwa na mawazo kabla ya kupata nafuu. Likitokea hilo asingoje siku ya kliniki, aje. Asinywe pombe. Ataje kila kitu kingine anachomeza, hata zile za jirani za goti. Na asipande mashine yoyote mpaka wajue mwili umezipokeaje.

Hili la mwisho ndilo lililomleta Dundori. Mama Chebet alijua kwamba akikaa Mau Narok na kombaini iko machoni, ataipanda. Kuhusu ufunguo, Opareta alimpa Ndirangu. "Nimechoka na harufu ya stoo," alimwambia, na Ndirangu akauvaa shingoni kwa kamba, akajiita meneja.

Zile siku za Dundori zilikuwa ngumu kuziangalia. Kulima hakulima. Alitembea kati ya matuta, akafika mwisho, akageuka, akarudi. Kule juu baridi inauma na ukungu unakaa mpaka saa nne, na ndani ya ukungu huo ulimwona akija, ukamwona akienda.

"Bwana Safari," aliniambia akipita, "leo ndio nimekuelewa. Miguu imekataa kukaa."

"Ni hewa ya huku," nilisema.

"Na kitu sioni kazi yake! Mimi ni mtu wa mashine. Ukiweka mafuta unaona geji inapanda. Hii nameza, natazama geji, imelala."

Dada yake alitoka jikoni na simu mkononi. "Pigia daktari umwambie vile miguu inafanya. Usiambie huyu. Huyu miguu yake imekuwa hivyo tangu amalize shule."

Akapiga, akiwa amesimama mbali nasi kama kijana anayeongea na mchumba. Daktari alimwita kesho yake, akapunguza dozi, akasema wataipandisha polepole. Nilitaka kuondoka siku hiyo. Lori lilikuwa tayari. Nikakaa wiki nzima, nikijiambia viazi havijakauka vizuri.

Kisha, asubuhi moja, alionja chai, akaweka kikombe chini na kusema, "Kwani sukari iliisha?" Dada yake, aliyekuwa hajamsikia akitaja ladha ya chochote tangu afike, aliinuka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba ya kuku, akalia kwa muda. Aliporudi alimletea bakuli zima la sukari na kijiko, akamwambia ajiharibie meno atakavyo.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeisimulia kwenye harusi. Lakini mtu anapopata nafuu anarudi kwa wenzake, na wenzake ni wanaume.

Alirudi Mau Narok amenyooka, anaongea, anatupa kofia. Kila Jumamosi alikwenda klabu ileile, akaketi na watu walewale, akaagiza soda. Hakuna aliyeuliza mpaka ilipovuja kwamba anakunywa tembe. Nani aliivujisha sijui. Huku hata ukuta una shemeji.

"Opareta," Ndirangu alianza mbele ya watu wote, "nasikia hiyo tembe inapigia mwanaume hendibreki."

"Na wewe yako ilipigwa na nini, na hunywi tembe?"

Kicheko kilitingisha mabati. Jibu lilikuwa zuri, ila niliona lilivyomchoma. Kwa sababu ilikuwa kweli kidogo. Baadaye aliniambia, akiwa chini ya kombaini na mimi nikiona viatu vyake tu, kwamba chumbani mambo yamepoa. Hamu ipo siku moja, siku mbili haipo, na ikija inachelewa kama fundi wa kijijini. Alikuwa amenunua unga fulani kwa muuzaji mmoja Nakuru, mtu wa kipaza sauti na nyoka kwenye sanduku, aliyeahidi kwamba kijiko kimoja kitaamsha hata gari lililokaliwa na kuku.

"Umeunywa?"

Viatu vilikwaruza udongo. "Daktari alisema nitaje kila kitu. Sasa hii nitaitaja aje kwa mama kama huyo?"

"Wewe si ndiye wa mchanga kwenye grisi?"

Alinitukana kwa upole. Lakini alikwenda. Aliuweka ule unga mezani kwa daktari, akakodolea saa ya ukutani, akasema yote bila kupumua. Anasema daktari alimsikiliza kama mtu anayeambiwa gurudumu linalia. Wanaume wengi huja na hilo, alisema, na wengi zaidi huacha tembe kimyakimya kwa sababu yake, kisha hurudi wakiwa wabaya kuliko mwanzo. Zipo njia: kurekebisha dozi, kubadilisha tembe, au kungoja kidogo. Ule unga hakuna anayejua una nini ndani, na kuna vitu vikikutana na dawa hii vinaweza kumwangusha mtu. Akautupa kwenye debe la taka mbele yake. Walibadilisha tembe. Kuhusu matokeo Opareta hakuniambia neno, ila siku moja nilimsikia Mama Chebet akiimba huku akifua blanketi, nikapita upande mwingine wa uzio.

Sasa nifike kwenye kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya kamwe.

Ngano ina sheria. Ukiona ugonjwa wa kutu kwenye majani, unapiga dawa. Kutu ikiisha, unaacha. Na mavuno yakikaribia hupigi kabisa, hata uone nini, kwa sababu dawa lazima iishe kwenye suke kabla punje haijaingia guniani. Mpiga dawa akivunja sheria hiyo anafukuzwa, na haki yake. Opareta aliishi ndani ya sheria hiyo ujana wake wote. Basi msimu uliofuata, ngano ilipoanza kubadilika rangi, alijitazama: kutu imeisha, analala, anakula, anacheka. Na mavuno ndiyo hayo. Akamwambia Mama Chebet kwamba daktari amesema sasa basi, wakati daktari hakuwa amesema. Akaacha tembe zote siku moja, aingie mavuno akiwa safi.

Hakuwa mjinga. Aliufuata ujuzi wake mpaka mwisho, hata pale ambapo ujuzi huo haukuwa na kazi.

Siku za kwanza alikuwa sawa, hata akajisifu kwangu. Kisha kichwa kikaanza kumzunguka. Alisema akigeuza macho haraka anasikia kama stima imepita kichwani, zii, ikazima. Usingizi ukakatika. Hasira ile ya zamani ikarudi bila kubisha hodi. Nasi tulikuwa katikati ya kazi, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mau, mwenye shamba anapiga simu kila saa, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuiendesha ile mashine.

Ilikuwa mchana kweupe. Niliiona kombaini ikiacha mstari, polepole, kama ng'ombe anayefuata majani, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio na mdomo wake ukaanza kula nguzo. Watu walipiga kelele. Ikazimika. Opareta akashuka, akatembea akitupita sote, hakutazama nguzo wala mashine. Alikwenda kwenye stoo ya dawa.

Nilimfuata kwa mbali. Ndirangu naye alikuwa ametoka upande wa tangi la maji. Mlango ulikuwa na kufuli. Opareta alisimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Boss, unatafuta nini hapa?" Ndirangu aliuliza, akicheka bado, hajajua. "Dawa ya nguzo?"

"Nimekuja kuhakikisha imefungwa," Opareta alisema.

Ndirangu aliushika ule ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Niliona mkono wake ukikunja ngumi. Nadhani ndipo alipoelewa kwa nini alifanywa meneja. Hakusema mzaha mwingine. Alimshika Opareta kiwiko, kama unavyomshika mzee kwenye matope, akamketisha juu ya debe, akaketi naye chini kwenye vumbi, akaniambia, "Kimbia uite mama." Nilikimbia. Niliporudi na Mama Chebet, walikuwa bado wameketi vilevile, Ndirangu akimweleza habari ndefu isiyo na maana kuhusu punda wa mjomba wake.

Siku hiyohiyo wakaenda Nakuru. Daktari alisikiliza habari yote ya kutu na mavuno, na Opareta anasema mama huyo alijaribu kuzuia kicheko akashindwa.

"Nani alikuambia mtu ni ngano?"

Halafu akaacha kucheka. Alimweleza kwamba nafuu aliyoiona ni kazi ya tembe, si ishara ya kuziacha. Kwamba baada ya kupona zinaendelea kwa miezi, na siku ya kuacha ikifika zinapunguzwa hatua kwa hatua, wakiwa wawili, yeye na daktari, kamwe si peke yake. Stima ile ya kichwani ilikuwa mwili ukilalamika kukatiwa ghafla. "Wewe huzimi kombaini ikiwa inakimbia, unapunguza kwanza," alimwambia. Opareta alilipenda neno hilo mpaka akalifanya lake. Nimemsikia akiwaambia watu kana kwamba alilibuni yeye.

Mavuno ya msimu ule yalimaliziwa na opareta wa kukodi kutoka Njoro, kijana wa kimashine cha namba. Opareta wetu alikaa nyumbani mpaka daktari aliporidhika. Mimi niliondoka. Nilikwenda Molo, kisha Gilgil, kisha nikarudi Nakuru, na kila niliposikia kombaini ikipita barabarani juu ya lori la kubebea mizigo mikubwa niliinua kichwa.

Mwaka huu nimemwona tena. Nilipanda na lori lililokuwa linafuata viazi Mau Narok, la kwenda na kurudi Nakuru mchana uleule. Nilimwambia dereva kwamba nina shughuli ndogo. Ngano ilikuwa imeanza kuwa njano, na ni njano hiyohiyo iliyomfanya aziache tembe. Nilitaka kuona kitu kimoja tu.

Mama Chebet alinipa chai. Akafungua kopo, akatoa tembe, akaiweka kando ya kikombe cha mumewe. Opareta aliitazama, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfukoni. "Leo nitanywea huko," alisema. Mama Chebet alinitazama, nami nikamfuata mumewe.

Shambani walikuwepo wote, wameegemea kombaini wakingoja hukumu ya meno. Opareta alivua kofia. Akatoa tembe, akaiinua wote waione, akaitupa mdomoni, akaomba chupa ya maji, akanywa taratibu. Kisha akafuta midomo.

"Niaje? Mnatazama nini? Mashine pia inawekwa mafuta mbele ya watu."

Wote tulimgeukia Ndirangu, maana hapo ndipo mzaha ulipaswa kuja. Haukuja. Ndirangu alikuwa anatazama udongo. Ndipo nilipomwona vizuri: amekonda, ndevu zimeachwa, macho mekundu bila pombe. Na ufunguo shingoni.

Opareta alivunja suke, akasugua, akapuliza, akauma. "Bado inanyonya. Kesho kutwa." Watu wakatawanyika. Ndirangu alibaki, akilipiga teke gurudumu la kombaini, si kwa nguvu.

"Boss."

"Sema."

"Hiyo kitu. Wanapeana kwa mtu yeyote?"

"Wanapea mgonjwa."

"Si unipee moja nijaribu. Moja tu, nione kama nitalala."

"Yangu sikupi. Yangu ilipimwa na shida yangu. Ya kwako utapewa na mwenye kukupima."

"Kwani niko na shida gani, bana? Ni usingizi tu."

"Na mimi ilikuwa mgongo tu."

Ndirangu alicheka, lakini kicheko kilifika nusu kikakatika. Akajaribu tena. "Tangu bibi yangu arudi kwao naongea sana, wananiita mcheshi. Nikifika kwa nyumba hakuna wa kumwambia kitu. Naketi tu." Akaushika ufunguo wa shingoni, akauzungusha.

Upepo ulipita juu ya ngano, ikalala yote, ikaamka. Opareta alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Leta ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Unajua."

Ndirangu alinitazama mimi, kama ningemtetea. Akatazama stoo. Nilitamani kuwa mahali pengine popote, na kwa mara ya kwanza sikusogea. Mwishowe aliinamisha kichwa, akaivua ile kamba, ikakwama sikioni, akaitoa, akaiweka kiganjani mwa mwenzake. Opareta hakuitia mfukoni. Alinigeukia.

"Bwana Safari, peleka kwa mama. Mimi pia sitakaa nayo."

Walikaa kwenye ngazi ya kombaini, bega kwa bega, na nikamsikia Opareta akianza habari ya punda. Nilivuka shamba nikiwa nimeukunjia ufunguo ndani ya ngumi. Barabarani dereva wa lori alikuwa anapiga honi, injini inanguruma. "Boss, twende! Hivi viazi vitaota!"

Mama Chebet alikuwa mlangoni. Aliuona ufunguo kabla sijafungua mkono. Hakuuliza zamu hii ni ya nani. Alitazama ng'ambo ya shamba, kwenye ngazi ya kombaini, akawaona wale wawili. Akaufunga kwenye pembe ya leso, mafundo mawili. Akaingia ndani, akatoka amevaa sweta ya kwenda mjini.

"Mwambie dereva asiondoke," alisema. "Kuna watu wa kwenda Nakuru kuangalia beringi."

Nikaenda barabarani. Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza ni beringi ya mashine gani hiyo. Nikamwambia azime injini.